Diski Ngapi Zatosha Kuhifadhi Picha za Jamaa?

Zamani kumbukumbu za nyumba ya askari zilikaa katika sanduku moja la bati. Humo mlikuwamo cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, barua ya kupandishwa cheo na albamu ya picha iliyofungwa kwa kitambaa. Siku ya uhamisho ilipofika, magodoro yalifungwa kwa kamba, kuku wakatiwa tengani, na sanduku lile likapakiwa la mwisho ili literemshwe la kwanza. Maadui zake walijulikana: mchwa, mvua, moto na mikono ya watoto.

Siku hizi sehemu kubwa ya sanduku hilo imehamia ndani ya kompyuta, nayo imepata adui mpya asiye na sauti wala harufu. Diski iliyofanya kazi barabara jana jioni yaweza kukutwa asubuhi imekufa, na pamoja nayo zimekufa picha za miaka 10. Mchwa hula ukurasa mmoja baada ya mwingine, na mwenye mali akiwahi huokoa nusu. Diski haina huruma hiyo.

Mfano mwema ni wa mke wa sajini mwenye studio ndogo ya picha karibu na lango la kambi. Akina mama wa namna hii wapo karibu na kambi nyingi. Kazi yao huanza na picha ndogo za vitambulisho, ikaendelea na harusi, ubatizo na maulidi, kisha ikafikia kilele siku makuruta wanapomaliza mafunzo na kupita mbele ya jukwaa. Siku hiyo kila kijana hutaka picha akiwa amevaa sare, amenyoosha shingo, apate ya kumpelekea mama yake kijijini.

Lakini studio ya kambini haiuzi picha za leo peke yake. Baada ya miaka hufika mzee aliyesafiri usiku kucha kwa basi, ameshika kipande cha karatasi chenye jina na namba ya jeshi. Mwanawe alikwenda kazini na hakurudi. Picha aliyompelekea nyumbani imenyeshewa, sura haionekani tena, na mzee hana nyingine ya kijana huyo akiwa amevaa sare. Mzee huyo hajui diski ni kitu gani, wala haimpasi kujua. Kwake jambo ni moja tu: ama picha ipo, ama haipo.

Kwa sababu hiyo mke wa sajini alipoona kompyuta yake inaanza kusitasita na kutoa mlio wa kugonga-gonga, hakungoja. Alikwenda kwa fundi wa kompyuta mjini. Fundi akamshauri anunue kisanduku maalumu kinachopokea diski kadhaa kwa pamoja, zikafanya kazi kama diski moja kubwa, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Mtindo huo huitwa RAID. Fundi alitaka ziwe diski 4, na kama fedha zipo, 6.

Jioni mume wake alisikiliza habari hiyo huku akipiga rangi viatu.

“Mama watoto,” akasema, “mlinzi mmoja akilala, wa pili yuko macho. Walinzi 6 kwa lango moja ni wa nini? Nunua 2.”

“Baba watoto, fundi anasema diski nyingi ni usalama mwingi.”

“Fundi anauza diski.”

Sajini alikuwa na hoja, na fundi naye hakuwa mwongo. Ili kuwapatanisha yafaa kuanza mbali kidogo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, ambayo ndiyo iliyofungua historia ya diski za kompyuta. Ndani yake zilikuwamo sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote kwa jumla zilibeba herufi milioni 5, yaani kiasi kisichotosha kuhifadhi picha moja safi ya kamera ya leo. Kwa miaka mingi baada ya hapo diski ilikuwa kitu kikubwa na cha gharama kubwa, mali ya mabenki, viwanda na serikali. Ndipo mwaka 1988 wataalamu 3 wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipoandika pendekezo lao: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ya juu, zikusanywe diski nyingi ndogo za bei nafuu, zile za kompyuta za mezani, zifanye kazi pamoja. Herufi ya tatu katika jina RAID ilisimama mahali pa neno lenye maana ya bei nafuu. Baadaye wafanya biashara walilibadili neno hilo, wakaweka jingine lenye maana ya kujitegemea. Yaelekea hakuna muuzaji anayependa bidhaa yake iitwe rahisi.

Wataalamu wale hawakuficha ubaya wa pendekezo lao. Walieleza kwamba kama diski moja hutarajiwa kudumu saa 30,000 kabla ya kuharibika, basi ukikusanya diski 100 utegemee moja kuharibika baada ya saa 300 tu, yaani chini ya wiki 2. Hapa ndipo hoja ya sajini ilipo na nguvu. Kila diski inayoongezwa ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kufa.

Hesabu za leo si kali kama zile. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za watu, huzitangaza hadharani takwimu za diski zake, na kwa mwaka 2023 ilionyesha kwamba kiasi cha diski 1.4 katika kila 100 ziliharibika ndani ya mwaka. Kwa kiwango hicho, mwenye diski 2 ana hatari ya kama 3 katika mia ya kuona walau moja ikifa mwaka huo. Mwenye diski 4 ana hatari ya 5 na nusu katika mia, mwenye 8 hufikia 11, na mwenye 12 hukaribia 16. Hizo ni diski zilizowekwa katika majumba yenye ubaridi wa kudumu na umeme usiotikisika. Diski iliyoko chini ya meza ya studio yenye paa la mabati haina raha hiyo.

Basi idadi ya diski peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni namna zilivyopangwa.

Mpango wa kwanza, uitwao namba 0, si ulinzi hata kidogo. Picha hugawanywa vipande, kipande hiki diski hii na kile diski ile, ili kazi iende mbio na nafasi yote itumike. Diski moja ikifa, vipande vilivyobaki kwa nyingine havina maana. Yapasa kuuangalia kwa makini, kwa kuwa visanduku vingine vya diski 2 hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa hivyo, na mnunuzi huona tu kwamba nafasi ni kubwa, akafurahi.

Mpango namba 1 ni wa diski pacha. Kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa na katika ya pili. Mwenye nazo hulipia diski 2 na kupata nafasi ya moja. Huu ndio mpango aliouona sajini kwa akili yake ya zamu ya usiku, ingawa hakujua jina lake.

Mpango namba 5 huhitaji diski 3 au zaidi, na maelezo yake ni rahisi kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya stoo. Stoo ina madaftari 3: moja la unga, magunia 40, la pili la maharagwe, magunia 25, na la tatu la mchele, magunia 15. Bwana stoo mwangalifu huandika jumla, 80, katika daftari la nne. Daftari la maharagwe likiungua, hana haja ya kulia. Atatoa 40 na 15 katika 80, atabaki na 25, na daftari limerudi. Diski hufanya hesabu ya aina hiyo kwa kila kipande cha picha, na jumla hizo hutawanywa katika diski zote ili hata moja isilemewe. Nafasi inayopotea ni ya diski 1 tu, ziwe 3 au 8. Lakini yakiungua madaftari 2, jumla ya 80 haiwezi tena kusema lipi lilikuwa na ngapi. Ndiyo maana upo mpango namba 6, ambao huhitaji diski 4 au zaidi na huweka hesabu ya pili ya namna nyingine, ili diski 2 zikifa kwa pamoja mali ibaki. Mpango namba 10 nao ni pacha za mpango namba 1 zilizounganishwa. Huanzia diski 4, na nusu ya nafasi hupotea.

Mwenye haja ya nafasi ya teribaiti 8 kwa hiyo ana njia kadhaa. Aweza kununua diski pacha 2 za teribaiti 8, au diski 3 za teribaiti 4 kwa mpango namba 5, au diski 4 za teribaiti 4 kwa mpango namba 6 au 10. Zote humpa nafasi ile ile. Miaka iliyopita, diski kubwa zilipokuwa adimu, wengi walilazimika kuchukua nyingi ndogo. Leo diski moja ya teribaiti 8 ni kitu cha kawaida dukani, na sababu ya mtu wa nyumbani kujaza kisanduku imepungua sana.

Tena iko saa ya hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Diski inapokufa na mpya kuwekwa mahali pake, kisanduku huanza kuijaza upya kwa kuzisoma zote zilizosalia tangu mwanzo hadi mwisho. Diski ya teribaiti 8, hata ikienda kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde bila kupumzika, huhitaji saa 11. Studio ikiendelea kufanya kazi wakati huo huo, muda huongezeka maradufu au zaidi. Saa zote hizo diski zilizosalia zinatumikishwa kuliko siku yo yote, na aghalabu zina umri mmoja na ile iliyokufa, zimetoka duka moja na pengine katoni moja. Ugonjwa wa mmoja huweza kuwa ugonjwa wa wote. Watengenezaji wa diski nyingi za bei ya chini huandika wenyewe kwamba kosa moja lisilosomeka laweza kutokea katika kila teribaiti 12 na nusu zinazosomwa. Kwa kweli nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mtu mwenye diski 6 za teribaiti 8 katika mpango namba 5 atalazimika kusoma teribaiti 40 ili kuiponya moja, na hiyo ni zaidi ya mara 3 ya kiasi kilichotajwa. Kwa mkusanyo wa ukubwa huo mpango namba 6 si anasa.

Aina ya diski nayo yafaa kuulizwa. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, za teribaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivi, ziliandika kwa mtindo wa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Mtindo huo huongeza nafasi, lakini huchelewesha mno kazi ya kujaza upya. Fundi mwaminifu akiulizwa hujibu. Asiyejua maana ya swali hilo asiuziwe imani.

Mke wa sajini hakuwa na kikokotoo cha ajabu. Alichukua daftari la watoto na kuandika. Kwa wiki hupiga picha zipatazo 400 anazoona zinastahili kuwekwa, na kila moja hula megabaiti 25. Kwa wiki 50 za kazi ni picha 20,000, sawa na nusu teribaiti kwa mwaka. Picha za zamani zimefika teribaiti 3. Baada ya miaka 5 atakuwa na teribaiti 5 na nusu, na diski za umri huo huwa zimeanza kutazamwa kwa mashaka hata hivyo. Diski pacha za teribaiti 8 zingemtosha bila kubanwa.

Akaandika pia habari ya umeme. Diski ya mezani hula kiasi cha wati 6 ikiwa inazunguka, nayo ikikaa wazi usiku na mchana humaliza yuniti kama 53 kwa mwaka. Diski 2 ni yuniti 105, na diski 6 ni yuniti 315, bila kuhesabu kisanduku chenyewe. Kubwa kuliko gharama ni kukatika kwa umeme. Katika mpango namba 5, umeme ukizimika wakati kipande cha picha kimekwisha kuandikwa na jumla yake bado, madaftari na jumla hugombana, na ugomvi huo huweza kukaa kimya mpaka siku diski moja itakapokufa na hesabu kutumiwa. Visanduku vya gharama vina njia za kujikinga. Vya bei ya chini mara nyingi havina. Kwa hiyo betri ya akiba, ile inayokipa kisanduku dakika chache za kujizima kwa adabu, ina faida kwa studio ya kambini kuliko diski ya tano au ya sita.

Aliporudi kwa fundi na daftari lake, fundi alilisoma, akakuna kichwa, kisha akasema kwa unyofu, “Mama, hapa 2 zinatosha. Lakini bado nakwambia ununue 4.”

Safari hii sababu yake ilikuwa njema.

Diski zilizo katika kisanduku kimoja hulindana dhidi ya kifo cha mmojawao, basi. Mwivi huchukua kisanduku chote. Radi hupiga zote. Mtoto akifuta faili la harusi, pacha wa pili hutii amri hiyo hiyo mara moja bila kuuliza. Virusi vinavyofunga picha na kudai fedha huzifunga kote. Mwaka 1998, katika kampuni ya filamu ya Pixar huko Marekani, amri moja iliyotolewa kimakosa ilianza kuifuta filamu ya katuni Toy Story 2 ingali inatengenezwa. Walipokimbilia nakala za akiba walikuta hazifanyi kazi sawasawa. Kazi ile iliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwake kwa sababu alikuwa akifanya kazi huko baada ya kujifungua. Kompyuta yake ilifungwa katika mablanketi na kubebwa kwa gari mpaka kazini kama mgonjwa. Filamu ikaonyeshwa mwaka 1999.

Polisi wa mji wa Dallas hawakuwa na bahati kama hiyo. Mwaka 2021, mtumishi mmoja alipokuwa akihamisha majalada ya kesi kutoka ghala moja la kompyuta kwenda jingine, teribaiti 22 zilifutwa. Ziliokolewa kama 14, na takriban 8 zikasemekana zimepotea. Katika kituo cho chote cha polisi ye yote ajuaye maana ya jalada la kesi kupotea, na mshtakiwa amekaa rumande, hahitaji kuelezwa zaidi. Hapakukosekana diski huko. Kilichokosekana ni nakala iliyosimama mbali na mkono uliofuta.

Hivyo ndivyo fundi na sajini walivyokutana njiani. Diski zilinunuliwa 4, zote za teribaiti 8, lakini kisanduku kilipewa 2 tu, pacha. Ya tatu ilipewa kifuko chake na kazi ya kunakili kila Jumamosi jioni, kisha ikachomolewa na kufungiwa katika sanduku lile lile la bati, pamoja na cheti cha ndoa. Ya nne ilipelekwa mjini kwa dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye nyumba yake haina uhusiano wo wote na umeme wa kambi, moto wa kambi wala wevi wa kambi. Mbili kati ya hizo 4 zilinunuliwa duka jingine, mwezi wa pili yake, ili zisiwe za katoni moja.

Angechukua ushauri wa kwanza, diski hizo hizo 4 zingeingia katika kisanduku kimoja kwa mpango namba 5, zingempa nafasi ya teribaiti 24 asizozihitaji, na siku paa litakapovuja juu ya meza zingelowa pamoja.

Kwa nyumba isiyo na studio hesabu ni ndogo zaidi. Askari mwenye picha za simu, hati za kiwanja na vyeti vya shule vya watoto, vyote havijazi hata nusu teribaiti, hana haja ya kisanduku wala RAID. Diski 2 za kubebeka, moja nyumbani na nyingine kwa wazee, zitamfaa kuliko mtambo unaowaka taa usiku kucha. RAID ni ya yule ambaye kazi yake haiwezi kusimama siku diski inapokufa: studio, ofisi ya chama cha akiba, zahanati, chumba cha majalada. Kwake huyo swali la kwanza ni kazi yake yaweza kusimama kwa saa ngapi, na swali la idadi ya diski hufuata baadaye.

Kila baada ya miezi 3 mke wa sajini huichomeka diski ya sandukuni katika kompyuta nyingine, akafungua picha za mwaka mmoja wa nyuma kabisa, si za jana, akazitazama moja moja kama zinafunguka. Kila diski amebandika karatasi yenye tarehe ya kununuliwa. Ile ya kwa dada hubadilishana na ya sandukuni kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, kwa kuwa siku hiyo hakuna mtu katika nyumba hiyo anayeisahau.